Maji ya Chumvi Niliyompa Bibi Harusi

Jicho la kushoto la binti ya mama yangu mdogo limeharibika, na aliyeliharibu ni mimi. Si jini, si husuda, wala si vumbi la barabara ya Lunga Lunga. Mimi! Na kana kwamba hilo halikutosha, nilinyamaza nikaacha mwanamke mwengine alaumiwe, mtu mzima ambaye namwamkia shikamoo kila nikimwona.

Haya, nimeshalisema. Sasa sikiliza na yaliyobaki, maana nikiendelea kukaa nayo kifuani nitapasuka.

Jina langu usiniulize. Kazi yangu ilikuwa kupamba maharusi pale Ukunda. Piko, hina, wanja, nyusi, nywele, kila kitu. Mimi ndiye yule mpambaji ambaye bwana harusi akifunua shela anajiuliza kama amepewa binti mwengine. Nilijivunia hilo! Nilikuwa na kibanda changu cha bati, kioo kikubwa, na ulimi wa kumshawishi hata bibi wa watu kuchora nyusi.

Ikaja hii fashoni ya lenzi za rangi, zile za kuvaa ndani ya jicho. Maharusi wote wakataka macho ya asali, ya kijivu, hata ya kijani. Kijani! Binti wa Msambweni, wazazi wake Wadigo pande zote mbili, ana macho ya kijani kama chupa ya soda. Na mimi nasimama pembeni nasifu, "Mashallah, umependeza!"

Nilienda kuzinunua Mombasa, kwenye duka la miwani. Dada aliyekuwa akihudumia alinikalisha kitako akanieleza kwa upole. Kila mtu na jozi yake, usimvishe mwengine. Nawa mikono na uikaushe kabla ya kuzigusa. Zioshe kwa dawa yake maalumu, uzisugue taratibu kwenye kiganja, kisha uzilaze kwenye kikasha kwa dawa mpya. Ile iliyolala humo mwage, usiongezee mpya juu ya ya zamani. Kikasha chenyewe ukibadilishe mara kwa mara. Na maji yasiziguse, ya bomba wala ya kuchemsha.

"Ndiyo dada," nikawa naitikia. "Ndiyo, ndiyo dada." Macho yangu yalikuwa kwenye bei ya ile chupa ya dawa. Nilikuwa nikihesabu kuku ambao ningewanunua.

Akaniona. Akasema, "Kama bibi harusi atavaa siku moja tu, chukua hizi za kutupa. Akizivua usiku ule anatupa. Hazihitaji dawa hata tone. Kwa kazi yako zitakuwia rahisi zaidi."

Nikacheka. Kununua kitu ili nikitupe? Mimi? Nani kaniroga! Nikachukua zile za kukaa miezi, na chupa moja ya dawa, ile ndogo kabisa. Ndiyo akili yangu ilivyokuwa. Biashara nilikuwa naijua sana.

Chupa ile niliiweka chini ya bati, kwenye joto, mdomo wazi, pamoja na mafuta ya nywele. Ilipokaribia kwisha nikaanza kuongezea. Dawa ya jana chini, ya leo juu. Nikajiona nina uchumi kuliko waziri.

Rafiki yangu Njeri, aliyekuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja Diani, akanisikia nikilalamikia bei. Siku moja akaja na mfuko. Wageni walikuwa wameondoka wakaacha chupa zao bafuni.

"Chukua hii, ni ya wazungu," akaniambia. "Hawa watu hawawezi weka kitu mbaya kwa macho yao."

Moja ilikuwa na kifuniko chekundu. Maandishi yalikuwa ya lugha nisiyoijua, lakini kulikuwa na mchoro wa jicho. Mchoro wa jicho! Ushahidi gani zaidi? Nikasuuza jozi yangu mwenyewe ya kujaribia, nikaiweka jichoni palepale mbele ya Njeri.

Wallahi nilipiga ukelele mpaka muuza mishikaki wa jirani akaacha nyama iungue. Ilikuwa kama nimepakwa pilipili na moto pamoja. Nilitoa lenzi, nikamwagia jicho maji jagi zima, nikalia kama mtoto anayepashwa tohara. Njeri amesimama na ile chupa mkononi, "Si imechorwa jicho? Si imechorwa?"

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba zipo dawa za namna ile, nzuri tu, lakini zina kikasha chake maalumu, na lenzi hulazwa humo kwa saa kadhaa mpaka makali yaishe ndipo zivaliwe. Hiyo haitiwi jichoni moja kwa moja. Kifuniko kile kilitiwa rangi nyekundu ili watu kama mimi washtuke. Sikushtuka.

Mtu mwenye akili timamu angejifunza hapo. Mimi nilijifunza kitu changu: kwamba dawa za dukani ni hatari! Bora nitengeneze yangu.

Nikachemsha maji, nikatia chumvi ya jikoni, nikaonja nikaona ni kama machozi, nikayachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui. Kitambaa kisafi, nilikifua mwenyewe. Kisha nikamimina kwenye ile chupa ya dukani, yenye karatasi yake na jina lake la Kizungu. Ukiiona ungeapa imetoka kiwandani. Daktari bingwa mimi, wa jikoni!

Maharusi wakapita. Jozi ileile ya rangi ya asali niliivisha huyu, nikaisuuza, nikamvisha yule. Naam, na hilo pia niliambiwa nisifanye. Mmoja alilalamika kuwa macho yanamwasha. Nikamwambia ni machozi ya furaha, avumilie, anaolewa.

Ndipo ikafika zamu ya Saumu.

Saumu ndiye binti ya mama yangu mdogo, wa Msambweni. Msichana mpole, wa kuongea kwa kituo. Alikuwa akishona kofia kwa mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambavyo mimi hata kuvihesabu siwezi. Watu walizifuata kutoka mbali. Mchumba wake, Bakari, fundi umeme, alimjua kwa ajili ya kofia. Alienda kununua moja, akarudi kununua nyingine, mpaka watu wakamuuliza ana vichwa vingapi.

Nilimpamba bure, zawadi yangu kwa mdogo wangu. Saumu hakutaka lenzi. Hilo naliandika nikiwa naona haya.

"Dada, macho yangu yana nini?" aliniuliza.

"Hayana kitu. Ndiyo shida yenyewe, hayana kitu!" nikamjibu, na wasichana wote ukumbini wakacheka. Akakubali ili yaishe.

Alipotolewa, vigelegele vikapasua hewa. Na kweli alipendeza. Jirani yao, Bi Time, mjane aliyesimamia masufuria ya pilau tangu asubuhi, alikuja na mwiko mkononi kumtazama. Akacheka sana. "Lo! Saumu, macho hayo ya paka umeyatoa wapi?" Hakusema Mashallah. Alikuwa na moshi machoni, amechoka, na amefurahi. Akarudi jikoni kupakua.

Bwana harusi naye akamtazama mkewe, akashangaa, akatabasamu. Nikamnong'oneza Saumu, "Unaona? Amependa. Usimwambie si yako. Vaa fungate yote." Nikampa ile jozi, na kichupa cha maji yangu, kama zawadi ya arusi. Nikamwonyesha namna ya kusuuza. Mwalimu wake mimi!

Fungate haikuisha salama. Saumu alinipigia simu akisema jicho la kushoto limekuwa jekundu na anahisi kama mchanga umeingia. Sikiliza nilivyomjibu, na umwogope mjinga anayejiamini. "Suuza zaidi," nilimwambia. "Yatie yale maji asubuhi na jioni, hata jichoni kwenyewe."

Akatii. Alikuwa mtoto wa kutii.

Mama mdogo akaniita. Nilimkuta Saumu amerudishwa kwao kuuguzwa, amelala chumbani na mapazia yameshushwa, amefunika uso kwa leso. Mwanga haukuvumilika. Jicho limevimba, linatoka machozi bila kukoma. Lenzi alikuwa ameshaziacha, kwa kuwa haziingii tena. Akanishika mkono akauliza polepole, "Dada, si yale maji?"

"Maji gani?" nikamwambia. "Watu wote wamevaa, mbona wazima? Nyamaza, mamako asikusikie."

Nje, ukumbini, mama mdogo alikuwa akilia. "Mwanangu alitoka mzima. Nani alimtazama mwanangu? Nani alimsifu?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti ya mtu anayesikitika, "Bi Time ndiye aliyeyataja macho. Na hakusema Mashallah."

Wanawake waliokuwepo walitazamana. Ilitosha. Sikuhitaji kuongeza neno.

Akaitwa mtu wa kumsomea. Akasomewa, akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, na mimi nikiitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kisomo hakikuwa na kosa, watu walimwomba Mola wao kwa nia safi. Mwenye nia chafu mle ndani nilikuwa mmoja. Kwa sababu wakati tunasoma, jicho lilikuwa likiliwa, na mimi pekee nilijua lilihitaji hospitali.

Bi Time alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, kibarazani kwake. Wateja wakaanza kupita wakitazama upande wa pili. Mwenyewe hakuelewa. Akaja kumjulia hali mgonjwa, na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani.

"Hodi wenyewe!"

Mama mdogo alitoka, akamtazama, hakumkaribisha. "Uji wako rudi nao. Macho ya mwanangu umeshayaona, yamekutosha."

Akafunga mlango. Bi Time akabaki pale nje na bakuli lake. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Tulionana. Nikatazama sakafu.

Aliyeokoa kilichobaki ni Bakari. Alikuja kumwona mkewe, akafunua leso, akaona kidoa cheupe kimeota juu ya weusi wa jicho. Hakuuliza mtu. Alimbeba mkewe akampeleka hospitali, na mama mdogo akanisukuma niende nao, mimi mjuzi wa mambo ya mjini.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Akamulika, akatazama, uso ukabadilika. "Amevaa chochote machoni? Lenzi?"

Bakari akamjibu kwa haraka, kama mtu anayemtetea mkewe. "Hapana daktari. Mke wangu macho yake ni ya asili."

Saumu alinigeukia na lile jicho lake zima. Alinitazama tu, na bado alikuwa akinitii!

"Alivaa," nikasema. "Nilimvisha mimi. Hata yale macho ya asali si yake."

Bakari, aliyetaka kumsitiri mkewe, akanigeukia taratibu.

"Zilioshwa kwa nini?" daktari akauliza.

"Maji ya chumvi."

"Ya duka la dawa?"

"Ya jikoni."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alinieleza kwamba chumvi ile haiui kitu. Kwamba katika maji, hata yaliyochemshwa kisha yakakaa chupani, huingia vijidudu visivyoonekana, vikajishika kwenye lenzi, na lenzi ikavibana juu ya kioo cha jicho kama chakula kilichofunikwa kwenye sahani. Kwamba angeletwa siku jicho lilipoanza kuwa jekundu, pengine lisingebaki na alama yoyote.

"Mlikuwa wapi muda wote huo?" akauliza.

Nikajibu moyoni: tulikuwa tunamtafuta mchawi, daktari. Mchawi niliyemzua mimi.

Saumu alilazwa. Alitiwa dawa kila saa, mchana kutwa, akiuma leso kwa maumivu. Jicho lilipona, ndivyo wanavyosema, lilipona! Maana yake halikutolewa. Limebaki na kovu katikati, na upande ule anaona kama mtu anayechungulia kwenye kioo cha bafuni kilichojaa mvuke. Wanasema huenda akahitaji kupasuliwa na kubadilishwa kioo cha jicho, jambo la kungoja na la gharama ambayo sithubutu kuitamka mbele yake.

Kofia hashoni tena. Alijaribu. Sindano ikawa inamchoma vidole, vitobo havikai mstari mmoja. Akaikunja ile kofia akaiweka. Ungeniona mimi, niliyeona ubahili wangu ni akili! Kwa chupa moja ya dawa nimekata riziki ya mtu.

Bakari hakumwacha, wala usidhani alimwacha. Siku moja nilimsikia akimwambia mkewe wakiwa uani, "Macho niliyoyaposa mimi yalikuwa meusi. Nani aliwaambia nilitaka mengine?" Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sahani ya matunda. Niliiweka chini nikaondoka. Kumbe tabasamu lake siku ile lilikuwa la adabu, hakutaka kumvunja moyo mkewe mbele za watu!

Mama mdogo nilimweleza yote, hajaniapiza. Ananijibu salamu, kisha anageukia kazi zake. Afadhali angeniapiza.

Nilienda kwa Bi Time asubuhi, kibaraza kitupu, mahamri yamepoa kwenye sinia.

"Shikamoo Bi Time."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, kuanzia chumvi mpaka lile neno nililolisema ukumbini. Alinisikiliza akifukuza nzi kwa ncha ya kanga. Nilipomaliza akaniuliza, "Siku ile nilipofungiwa mlango, wewe ulikuwepo dirishani?"

"Nilikuwepo."

"Ukaniona na bakuli?"

"Nilikuona."

Akatikisa kichwa. Nikashuka chini nikamshika miguu, nikaomba radhi. Akaitoa miguu yake.

"Radhi nitakupa, mwanangu, mimi nami nina siku yangu ya kuulizwa. Lakini jina langu hukulichafua mbele yangu. Nenda ukalioshe kulekule. Mimi siwezi kupita nyumba kwa nyumba nikibisha hodi niseme si mchawi."

Nikapita mimi. Hodi, hodi, mlango baada ya mlango, nikijieleza kama mgombea anayeomba asipigiwe kura. Wako walionifukuza, na walikuwa na haki. Wako waliolia. Na wako walionisikiliza mpaka mwisho, wakanishukuru kwa ukweli wangu, kisha wakasema, "Hata hivyo, yule mama ana jicho zito." Hebu fikiria! Lenzi nimeikiri, maji nimeyakiri, daktari amesema, lakini wako ambao mpaka leo hawali mahamri ya Bi Time. Uongo wangu nilioutamka mara moja una nguvu kuliko ukweli niliourudia mpaka sauti ikakauka.

Kibanda nimekifunga. Hakuna aliyenifungia. Ila kila nilipoishika brashi karibu na jicho la mtu, niliirudisha mezani.

Sasa wewe unayetaka kupendeza, na wewe mpambaji mwenzangu unayejiona una uchumi, nisikilizeni mimi niliyelipia somo hili kwa jicho la mtu mwengine. Mnataka kuokoa pesa? Okoeni kwenye maua ya ukumbi. Kwa sherehe ya siku moja nunua za kutupa, uzitupe kweli. Kama unazivaa kila siku kwa ajili ya kuona, muulize mpima macho ni dawa gani inafaa lenzi zako, kisha ununue chupa kubwa ya hiyo, mara nyingi huwa nafuu kuliko vichupa vidogo vidogo. Tazama tarehe ya mwisho, na uangalie imeandikwa itumike muda gani baada ya kufunguliwa. Mwaga ya jana. Usilale nazo. Chupa ya kuokota, hata ikiwa imetoka bafuni kwa mfalme, iache. Maji ya kisima, ya bomba, ya chumvi, ya waridi, na mate yako, yote hayo si dawa!

Na jicho likiwa jekundu, vua, uende hospitali siku hiyohiyo, uwe na ulimi wa kusema ulichovaa. Jina la jirani yako liache lipumzike.

Ukiona dawa ya kuoshea ni ghali, basi lenzi zenyewe huziwezi, na si aibu. Vaa miwani. Bibi harusi mwenye miwani angalau anamwona vizuri anayemuoa.